Aliyeshika Spana ya Chini

Haya yalimpata rafiki yangu Appolinaire Kabanda, mzaliwa wa Fizi, mwezi wa Machi mwaka huu, katika gereji yake ya Rubondo, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Alikuwa akifufua Land Rover ya zamani iliyotoka Kikagate. Bolti sita za bodi zilikuwa zimekwama kwa kutu, na mwenye gari, Bwana Twizeyimana, alikuwa ameapa kwamba moja ikikatika, kazi inakwenda kwa fundi mwingine.

Bolti za namna hiyo huhitaji watu wawili. Mmoja hukaa ndani ya gari akifungua nati. Mwingine huwa shimoni, chini ya gari, ameshika kichwa cha bolti kwa spana ili isizunguke. Elisée, mwenzake, alikuwa amekwenda Mbarara kununua mafuta ya kulainisha kutu. Adhuhuri, mvua ikipiga mabati, Appolinaire, akiwa ndani ya gari, alisikia mtu akishuka katika giza la shimo, akadhani mwenzake amerudi. Chuma kikagongwa mara mbili, ishara yao ya kusema nimeshika.

Nati ya kwanza ililia, ikalegea bila kukatika. Zikafuata nyingine, mpaka ya tano.

"Elisée, leo umekula nini? Uko na nguvu mingi!"

Chuma kiligongwa tena mara mbili.

Ndipo Elisée akaingia mlangoni ameloa, chupa ya mafuta mkononi. "Kaka, unasema na nani? Mimi njo nafika sasa."

Appolinaire alishuka garini, akainama na tochi. Shimoni hapakuwa na mtu. Spana ilikuwa kwenye bolti ya sita, imenyooka hewani, ikitetemeka kidogo, kama vile mkono unaoishika umeanza kuchoka.