Noela na Maswali ya Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Noela aliwasha jiko, akakoroga uji wa mtama, kisha akamsaidia bibi yake kuvaa. Kuvaa ndiko kulikokuwa na kazi. Bibi Sikujua alikuwa na saratani ya titi, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba hadi begani. Noela alipokuwa akiupitisha kwenye blauzi, Bibi aling'ata pindo la kitenge, akafumba macho. Noela alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliyaogopa maumivu yale kama mtu anavyomwogopa nyoka aliyeingia ndani ya nyumba.

Waliishi wawili tu pale kijijini Ibadakuli. Mama yake Noela alikuwa Masumbwe akiwauzia mchele wachimbaji wa dhahabu, na alirudi mara moja kwa mwezi.

Jumatano moja ilikuwa siku ya kliniki. Noela aliomba ruhusa kwa mwalimu ili akamtafsirie Bibi, ambaye hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Njiani walimkuta jirani yao, Mama Bujiku, akichota maji bombani. Alimvuta Noela pembeni.

"Siku hizi wana karatasi ya maswali," alinong'ona. "Shemeji yangu aliulizwa, akaandikiwa alama mbaya. Wakamwambia arudi nyumbani. Hazikupita wiki mbili, tukamzika."

Mama Bujiku hakuwa mtu mbaya. Mdomo wake tu ndio haukuwa na kifuniko. Noela alirudi kwa Bibi, wakaendelea na safari. Njia nzima aliwaza jambo moja: Bibi anakwenda kufanya mtihani, na akifeli, atakufa.

Kliniki, katika chumba cha matibabu, mlikuwa na watu wawili. Tabibu kijana aitwaye Thobias alikaa mezani na kalamu yake. Nyuma yake alikaa Daktari Euphrasia, mama mwenye miwani, ambaye alikuja kuwafundisha matabibu na watafiti namna ya kupima maisha ya wagonjwa wa saratani: wanalalaje, wanakulaje, wanaumwa kiasi gani, wanaogopa nini.

"Shikamoo, Bibi," alisema Thobias. "Hali yako?"

"Mhola," alijibu Bibi akitabasamu.

Kwa Msukuma wa umri wa Bibi, hilo ndilo jibu la salamu. Maana yake ni salama. Hata kama paa linaungua, kwanza husemwa mhola, mengine yatafuata. Thobias, ambaye alikulia Kilimanjaro, hakulijua hilo. Aliweka tiki kwenye neno "nzuri", akaendelea.

"Mwambie Bibi achague jibu moja: hapana kabisa, kidogo, kiasi, au sana. Wiki hii amekuwa na maumivu?"

Noela alitafsiri. Bibi aliacha kutabasamu.

"Sana, ng'wanawane, mwanangu," alisema kwa Kisukuma. "Yanaanzia begani, yanashuka mgongoni. Usiku naomba kuche, kukicha naomba jua lizame."

Noela alimgeukia Thobias. "Anasema kidogo."

"Analala?"

"Analala," Noela alijibu bila kumuuliza Bibi.

"Anakula?"

"Anakula vizuri."

Daktari Euphrasia aliinua macho. Alikuwa amesikia jibu refu la bibi likitoka fupi kwa mjukuu, lakini alinyamaza ili aone mwanafunzi wake atafanya nini. Mwanafunzi wake aliendelea kuandika.

"Je, ana hofu yoyote?"

Bibi alitazama sakafu. Alijibu polepole, kama aliyesahau kuwa kuna wengine chumbani. "Ndiyo. Naogopa asubuhi moja utaniamsha na sitaamka, na mama yako yuko mbali. Utafanya nini peke yako?"

Noela alimtazama Bibi. Siku zote alidhani mwenye hofu ndani ya nyumba ile ni yeye tu. "Anasema hapana," alijibu.

Thobias alijumlisha alama, akafurahi. "Vizuri sana! Bibi anaendelea vizuri. Atumie vidonge vilevile, arudi baada ya miezi mitatu."

Bibi alikuwa amefaulu. Noela alingoja furaha ije, lakini haikuja. Miezi mitatu! Vidonge vile vilimtuliza Bibi kwa muda mfupi tu, kisha maumivu yakarudi palepale. Akisema kweli, watamrudisha Bibi nyumbani afe. Akinyamaza, Bibi ataendelea kuteseka mbele ya macho yake. Alisogea mezani.

"Nimedanganya," alisema.

Thobias aliacha kuandika. "Umedanganya nini?"

"Yote. Anaumwa sana. Halali. Uji anakunywa vijiko viwili tu. Na anaogopa, anaogopa sana!" Noela aliangua kilio. "Tafadhali msimwandikie alama mbaya. Msimrudishe nyumbani akafe!"

Bibi hakuelewa maneno, ila machozi aliyaelewa. Alimvuta mjukuu wake kwa mkono ule mzima, akamkumbatia.

Daktari Euphrasia alisogea, akachuchumaa mbele yao. "Hapa hakuna anayefeli, mwanangu. Karatasi hii inatuonyesha sisi mahali mgonjwa anapohitaji msaada. Ukisema anaumwa sana, tunatafuta dawa yenye nguvu zaidi. Ukisema kidogo, tunaamini, na tunamwacha na maumivu yake."

"Kwa hiyo atapona?"

Daktari alivua miwani. "Sijui. Ugonjwa wake ni mkubwa, na sitakudanganya. Lakini kuumia namna hii si lazima. Kuyatuliza maumivu tunaweza."

Kisha alimgeukia Thobias. "Tumekosea sisi wawili. Wewe umeandika salamu kama jibu, na mimi nimenyamaza. Mtoto habebeshwi mazungumzo mazito ya bibi yake."

Karatasi ya kwanza ilifutwa. Aliitwa Nesi Juliana, Msukuma wa kijiji cha Songwa, naye akakaa na Bibi mlango ukiwa umefungwa. Noela alingoja nje kwenye benchi. Mlango ulipofunguliwa, Bibi alikuwa na chupa ya dawa ya maji ya kutuliza maumivu makali. Nesi Juliana naye alikuwa ameshampigia simu Mama.

Ijumaa Mama alishuka kwenye basi na mabegi yake yote. Siku ya tano ya dawa mpya, Bibi alilala hadi jua likawaka, na alipoamka aliomba matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga. Aliyamaliza yale matobolwa yote, akauliza kama yapo mengine.

Baada ya wiki mbili walirudi kliniki wote watatu. Bibi alipokuwa akijibu maswali kwa Nesi Juliana, Daktari Euphrasia alikaa na Noela barazani.

"Ulidanganya kwa sababu unampenda," alisema. "Lakini sisi tunatibu kile tunachoambiwa. Ukificha maumivu ya mgonjwa, ugonjwa hauondoki, na yeye anabaki peke yake nao. Sema kweli hata kama unatetemeka. Na hofu yako pia, mwambie mtu mzima, usiibebe mwenyewe."

Noela alitazama mlango wa chumba alimokuwa Bibi. "Bado naogopa, Daktari," alisema.

"Najua," alisema Daktari Euphrasia, akasogea karibu yake. "Niambie unaogopa nini."

Na Noela akamwambia.