Mayowe ya Mama Mkubwa

Haya yalimpata jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, fundi wa sauti, mwanamke asiye na mchezo na kazi. Husafisha sauti za filamu za zamani, akiondoa mikwaruzo na mvumo, ili watu wazitazame upya.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, alikuwa na filamu ya kutisha iliyopigwa miaka kumi kabla hajazaliwa. Ndani yake mna mayowe ambayo enzi hizo yaliwatoa watu mbio ukumbini. Aliyeyapiga ni mama yake mkubwa, wakati huo msichana. Basi akamwalika aje asikilize ujana wake.

Mama mkubwa alikuja shingo upande. Tangu usichana wake huongea kwa kunong'ona; ukoo mzima ulidhani ana koo bovu.

Mayowe yalipotoka spikani, alitikisa kichwa.

"Hayo si yangu, mwanangu. Nilifungua mdomo tu. Sauti ilitoka nyuma ya kisogo changu."

Fundi alitabasamu, akadhani ni uzee. Akayatenga mayowe. Akayasafisha. Akapunguza mwendo. Yakawa mazito. Yakawa neno.

"Kijiko."

Ndivyo marehemu mama yake alivyokuwa akimwita utotoni, kwa kupenda kwake kukomba sufuria. Nje ya nyumba yao hakuna aliyelijua jina hilo.

Kwa mazoea ya mtoto aliyelelewa, neno likamponyoka.

"Abee."

Mama mkubwa alimziba mdomo kwa kiganja. Kilikuwa baridi.

"Umeitika," alinong'ona. "Siku ile nami niliitwa. Nikaitika."

Fundi alizima mtambo, akafungua madirisha yote. Nje jua lilikuwa kali, watu wakienda na hamsini zao. Alitaka kumwambia mama mkubwa kwamba yamekwisha. Sauti haikutoka. Ulitoka mnong'ono.

Madaktari wamemchungulia koo mara tatu, hawaoni kitu. Filamu aliirudisha bila kuimaliza. Siku hizi ukimwita haitiki. Anakuja tu, anasimama mbele yako.

Wiki mbili baadaye mwenye filamu, anayeishi mji wa mbali, alipiga simu. Kabatini kwake ana nakala nyingine, ambayo haijawahi kutoka nyumbani. Alikuwa ameitazama tena jana yake. Baada ya mayowe, alisema, kuna mwanamke wa pili, anaitika kwa adabu.

Alitaka kujua ni nani.