Wabebaji wa Kilima Kimoja

Kwenye kilima kimoja karibu na Nyamitaba, mvua ikinyesha pikipiki hazipandi. Mgonjwa hubebwa kwa kipoyi, yaani machela ya miti na kamba. Ni mwendo wa saa tatu hadi kituo cha afya.

Wafugaji walikuwa na kipoyi chao, na wakulima chao. Hayo yalianza siku ng'ombe wa Narcisse walipomaliza maharagwe ya jirani yake, Sebarenzi. Tangu siku hiyo watu wazima walipishana njiani bila salamu. Upuuzi mtupu!

Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, Narcisse alikuwa akikamua ng'ombe aliyebaki nyumbani. Wafugaji wenzake walikuwa kwenye malisho ya mbali. Mkewe, Umulisa, akamwita. Uchungu wa kuzaa ulikuwa umeanza, na damu ilikuwa inatoka.

"Narcisse, ita bantu banibebe."

"Nimepigia benzetu simu. Banakuya."

"Benzetu beko mbali! Papa Sebarenzi iko hapa chini, analima."

"Ule haiko wa jamii yetu."

Akangoja. Jua likapanda. Damu haikukoma.

Saa sita akapita Nadine, mama anayefundisha afya kijijini. Alipomwona Umulisa, alikasirika.

"Papa Narcisse, unangoya nini?"

"Jamii yangu."

"Jamii njo damu moja tu? Maharagwe unakula, nani analima? Batoto ya Sebarenzi banakunywa maziwa ya nani? Bantu benye banaishi pamoja, banafuata desturi moja na banahitajiana, bale njo jamii. Hata bakigombana."

"Lakini bo beko bakulima. Sisi tuko bafugaji."

"Ile ni njia ya kupata chakula tu! Kuko jamii ya bawindaji, ya bafugaji, ya bakulima, na ya miji yenye viwanda. Hapa kwetu aina mbili zinaishi pa kilima kimoja. Hakuna yenye inajitosha. Kimbia, umuite!"

Narcisse alishuka mbio, akijua atatukanwa. Sebarenzi alitupa jembe chini.

"Juu ya nini haukuniita asubuhi?"

Alikusanya wanaume watano, wakambeba Umulisa kwa kipoyi cha wakulima.

Walifika kituoni karibu saa kumi. Muuguzi alimwokoa Umulisa. Mtoto, msichana, alikuwa amekwisha kufa. Inauma hata kuandika.

Kesho yake Sebarenzi ndiye aliyechimba kaburi. Baada ya maziko Narcisse alisimama mbele ya watu.

"Mutoto yangu alikufa juu nilikuwa nangoya bantu," alisema, "na bantu balikuwa hapa."

Siku hiyo hiyo kundi la wabebaji likawa moja: kila zamu wafugaji watatu, wakulima watatu. Wakapanga pia njia ya ng'ombe, mbali na mashamba.

Miezi miwili baadaye, binti wa Sebarenzi alishikwa na uchungu alfajiri. Narcisse alifika wa kwanza na kushika mti wa mbele. Mtoto alizaliwa mzima, akalia kwa nguvu.

Narcisse alirudi nyumbani, akamweleza mkewe.

"Mulifika pa kituo saa ngapi?" akauliza Umulisa.

"Saa mbili ya asubuhi."

"Basi hata kwa mutoto yetu ilikuwa inawezekana," akasema.