Kamera ya Kwaya ya Tororo

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2003. Kitengela iliamka na manyunyu na baridi ya kuuma masikio, na ukungu ulikuwa umefunika uwanda wote hadi upande wa Kisaju.

Saa moja na nusu asubuhi, Achola aliingia sebuleni kuchukua kamera ya video. Mezani aliona Biblia na miwani. Kamera haikuwepo.

"Nalianya!" aliita. "Begi la kamera liko wapi?"

Walitafuta chini ya viti, jikoni, hata bafuni. Achola akaketi sakafuni. Kamera hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya kwaya ya kanisa lake kule Tororo, Uganda, nao wanakwaya waliipata kwa kulima mashamba ya watu misimu mitatu. Walimwazima kwa safari hii tu. Basi lake lilikuwa la jioni hiyo, na kesho yake angesimama kanisani mikono mitupu.

Achola na Nalianya walisoma pamoja chuo cha ualimu Tororo. Baadaye Nalianya aliolewa na Khisa, mwalimu mwenzao, wakahamia Kitengela. Hawakuwa wameonana kwa miaka mingi, ndiyo maana Ijumaa usiku walitoka kusherehekea. Nick Parmuat, jirani yao katika ploti ya nyumba za kupanga, aliwapeleka kwa gari lake. Walikula nyama choma, wakacheza rumba ya bendi hadi miguu ikauma, naye Achola akarekodi kila kitu. Aliahidi kuwaonyesha kwenye televisheni Jumamosi mchana, pamoja na Soipan, mchumba wa Nick, aliyealikwa chakula.

Polisi waliitwa, na Koplo Nalangu, askari wa kike, alifika saa tatu. Alikagua mlango na madirisha. Hakuna kilichovunjwa. Jikoni alimkuta mama mzee akichambua sukuma wiki.

"Takwenya, yeyo," alimsalimu kwa Kimaasai, kama mtu anavyomsalimu mama.

"Mimi ni Mbukusu, mwanangu, lakini salamu nimepokea," mama akacheka.

"Ni mama yangu, Mama Phylis," Nalianya alieleza. "Alikuja jana kutoka Bungoma bila kutuambia. Basi lake liliharibika njiani, akafika sisi tukiwa tumesharudi na Nick ameshaenda kulala."

Nalangu alimwita Nick pembeni, kando ya gari.

"Nani aligusa begi mwisho?"

"Ni mimi. Nililitoa kwa gari nikaliweka mezani sebuleni. Achola alikuwa amechoka, hata viatu alikuwa amebeba mkononi, akaniachia nilibebe. Nikaenda kwangu."

"Kisha?"

Nick alikuna shingo. "Koplo, sitaki kuharibu urafiki."

"Haribu tu. Mimi niko hapa kusikia."

"Alfajiri nilitoka kwenda choo. Taa ya sebule ilikuwa inawaka na pazia halikufunga vizuri. Nikaona Khisa, yuko peke yake, anainama mezani anachukua begi."

"Una hakika ni Khisa?"

"Si ni jirani yangu? Namjua."

Khisa alikuwa amesimama nje, karibu na tangi la maji. Koti lake lilikuwa limelowa mabegani. Tangu Nalangu afike, mwanamume huyo hakuwa ameukanyaga mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Ingia ndani tuongee, mwalimu. Unalowa."

"Niko sawa hapa, afande."

"Jana ulilala wapi?"

Khisa aliangalia viatu vyake. "Stoo. Kwa makaa."

"Uko na nyumba, uko na mke, unalala na makaa?"

"Ilibidi."

"Mlikosana na bibi?"

"Hapana."

"Nani alikuona huko?"

"Mungu."

"Huyo siwezi kumwandikisha taarifa kituoni." Nalangu alitoa pingu. "Sikiza. Kuna mtu alikuona na begi. Kama huna la kusema, Jumatatu utamweleza hakimu Kajiado."

Khisa alinyoosha mikono bila kubisha. Kutoka mlangoni Nalianya alipiga ukelele. "Afande, huyo akilala ndani kazi imeisha! Shule gani itamrudisha? Khisa, si uongee!"

Wakati huo Mama Phylis alitokea mlango wa jikoni na karai la maji machafu. Khisa aliruka nyuma ya tangi kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto. Mama naye alijifunika leso usoni, akageuka, akarudi ndani na karai lake.

Nalangu aliteremsha pingu polepole. Kwao Wamaasai pia kuna heshima ya wakwe: mwanamume na mama mkwe hawakaribiani. Mume wake mwenyewe hakuwahi kula chakula mbele ya mama mkwe. Alimfuata mzee jikoni.

"Yeyo, jana ulilala chumba gani?"

"Sebuleni. Siwezi kulala kitanda cha mtoto niliyemwoza. Walinitandikia godoro kando ya meza."

"Nani aliwasha taa alfajiri?"

"Mimi. Niliamka kuomba, nikaomba mpaka kukakucha. Mlango nilikuwa nimeufunga kwa ndani na komeo."

"Khisa hakuingia?"

"Mkwe wangu? Aingie mahali nimelala?" Mama alipiga makofi kwa mshangao. "Jana aliponiona tu hapo getini alikimbia, karibu aanguke kwa mtaro!"

"Na begi jeusi mezani?"

"Hapakuwa na begi. Niliweka Biblia yangu na miwani, na meza ilikuwa tupu."

Nalangu alirudi kwenye tangi. "Mbona hukuniambia, mwalimu?"

"Ningesemaje?" Khisa alinong'ona. "Jana nilikuwa nanuka pombe. Leo nimwite mama mkwe aje kunitetea kwa polisi?"

Koplo aliwaita wote kwenye veranda. Mama Phylis alibaki sebuleni, nyuma ya pazia. Khisa alibaki nyuma ya tangi.

"Nick, rudia uliyoniambia."

Nick alirudia, sasa kwa sauti ndogo.

"Alikuwa peke yake?"

"Peke yake."

"Basi nikujulishe kwa mtu." Nalangu alisogeza pazia. "Huyu ni mama yake Nalianya. Alfajiri alikuwa hapo kando ya meza, kwa magoti, anaomba. Taa uliiona kweli. Hayo mengine umeyatunga."

"Mama alilala kando ya meza, na meza haikuwa na begi. Maana yake begi halikuingia nyumba hii, na wewe ndiye uliyelishika mwisho kwenye gari. Fungua buti."

Lilikuwa chini ya gurudumu la spea, limefungwa kwa gunia. Achola alilinyakua, akawasha kamera. Taa nyekundu ikawaka. "Asante Yesu," alisema, huku akilia na kucheka pamoja. "Asante Yesu."

"Sikutaka kuiba," Nick alisema. "Ni hiyo kanda. Si mliniona jana nikicheza na chupa ya bia kichwani? Soipan angekuja kuiona. Baba yake, Mchungaji Simel wa Kisaju, nilimwambia nimeacha pombe tangu Krismasi, ndipo akakubali posa. Nilitaka nifute, nirudishe kabla hamjaamka. Lakini nilibonyeza kila mahali, haikufutika!"

Nalianya alishindwa kujizuia, akacheka. Nalangu hakucheka.

"Na Khisa?"

"Polisi walipoitwa niliogopa. Nikasema jina la kwanza lililokuja."

"La rafiki yako."

Nick aliinamisha kichwa.

Achola alilikumbatia begi. "Afande, mimi nimepata kitu changu. Sina mashtaka."

"Wewe huna. Lakini kudanganya polisi si mchezo. Nick, leo utafika kituoni ubadilishe taarifa, na mkubwa wangu ataamua." Nalangu aligeukia tangi. "Mwalimu, wewe ndiye ulikuwa unaenda Kajiado kwa pingu. Unataka nini?"

Sauti ya Khisa ilitoka nyuma ya tangi. Ilikuwa nyepesi, kama ya mtu aliyetua mzigo. "Nataka aseme kile atafanya. Aseme kwa sauti, na mama asikie huko ndani."

Nick alipangusa uso. Alisimama katikati ya veranda, manyunyu yakimpiga mgongoni.

"Nikitoka kituoni nitaenda Kisaju leo leo. Nitamwambia Mchungaji Simel kwamba jana nilikunywa, na kwamba nilimsingizia Khisa ili nisijulikane. Akininyima Soipan, sitamlaumu mtu yeyote hapa. Naahidi mbele yenu nyote, na mbele ya mama."