Dawa ya Kichwa kwa Magoti ya Kisilu

Katika nyumba za mtaa wa Shauri Moyo, choo ni cha watu wengi, na foleni ya asubuhi haina siri. Kila mtu anajua nani amekaa sana ndani. Mwaka ule aliyekaa sana alikuwa Kisilu, mchonga vinyago. Watu waligonga mlango na kumtania.

"Mzee, umehamia huko? Tukuletee kitanda?"

Kisilu alitoka akishika ukuta, magoti yamevimba, uso umesawijika.

Mkewe, Kanyiva, alimtazama kutoka mlangoni na moyo ukamwuma. Alikuwa amechoka kuogopa. Mwaka uliotangulia madaktari walisema Kisilu ana vidonda katika utumbo mkubwa. Wakampa vidonge vya manjano, naye akavimeza kila siku, akapata nafuu. Halafu baridi ya Julai ikaja, na viungo vikaanza kuuma. Yalianza magoti, kisha vifundo vya mikono. Shoka dogo la kuchongea likawa linamdondoka. Na mchongaji bila mikono atakula nini?

Kanyiva alifanya alichojua. Kabla ya kwenda kuuza chai Soko la Burma, alipitia dukani akanunua aspirini. Alimpa Kisilu asubuhi pamoja na chai, na jioni tena. Maumivu yalipungua kidogo, Kisilu akachonga. Yaliporudi, Kanyiva aliongeza. Hakuona ubaya wowote. Kwake vile vidonge havikuwa dawa hasa. Vilikuwa dawa ya kichwa tu, kitu cha kukaa jikoni karibu na chumvi.

Jumamosi moja alikuta shuka limesukumwa chini ya kitanda. Lilikuwa na damu.

"Baba Mbithe, hii ni nini?"

Kisilu aligeukia ukuta. "Fua tu."

"Ulianza lini kutoka damu?"

"Siku nyingi. Nimesema fua. Mwanamume mzima ataanza kuwaambia watu habari za choo?"

Kanyiva alilipeleka shuka mferejini, akafua huku analia. Aliona wazi kwamba mumewe anakufa. Alikuwa ameanza hata kuwaza jinsi watakavyomsafirisha hadi kwao Kangundo kumzika, na nani atampa habari Mbithe, binti yao aliyeolewa Mombasa. Hakuwa na tumaini hata chembe.

Jirani yake, Apondi, alikuja na ndoo yake. Apondi alikuwa muuguzi katika zahanati, na mtaa wote ulimwita Sista. Aliyatazama yale maji mekundu.

"Mama Mbithe, hiyo damu ni ya nani?"

"Yangu. Ya mwezi."

"Si uliniambia mambo hayo yaliisha zamani? Ama umekuwa msichana tena?"

Kanyiva alitaka kucheka, kilio kikamzidi. Akasema yote. Apondi aliiacha ndoo pale pale, wakaingia ndani pamoja.

"Pole, Baba Mbithe," alisema Apondi. "Mbali na vidonge vya manjano, unameza dawa gani nyingine?"

"Hakuna, Sista. Hata kliniki waliniuliza, nikawaambia hakuna."

Alisema alivyoamini. Apondi akamgusa magoti. Yalikuwa ya moto.

"Na haya magoti, mnayatulizaje?"

"Hayo nampa dawa ya kichwa tu," alijibu Kanyiva.

"Hebu nione."

Kanyiva akaleta vidonge. Apondi alivitazama.

"Mama, hii ni aspirini. Ni dawa kama dawa nyingine. Inatuliza maumivu, ndiyo. Lakini inachubua tumbo, na damu ikianza kutoka, haigandi upesi. Kwa mwenye vidonda vya utumbo, inaweza kuamsha ugonjwa uliokuwa umelala. Hata nyingi kati ya zile dawa kali za viungo zina tabia hiyo hiyo. Asizimeze mpaka daktari anayejua utumbo wake akubali."

Kanyiva aliketi chini sakafuni.

"Basi ni mimi. Nimekuwa nikimuua kwa mkono wangu mwenyewe. Tena pamoja na chai."

Apondi hakumlaumu, wala hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Sijui kama ni aspirini peke yake. Pengine ugonjwa uliamka wenyewe. Mara nyingi utumbo ukiwaka, viungo navyo huwaka. Magoti haya yanaweza kuwa ni ugonjwa ule ule. Ndiyo maana yanatibiwa kwa kuutibu utumbo. Lakini aspirini iachwe leo. Vidonge vya manjano msiviache. Na hatungoji Jumatatu. Damu nyingi namna hii ni ya kupelekwa hospitali sasa hivi."

Kisilu alilazwa. Aliongezewa damu, akabadilishiwa dawa. Kanyiva alimwambia daktari kila kitu, pamoja na vile vidonge vya dukani, na kila neno lilimchoma. Jioni baada ya jioni alikaa kwenye benchi la wodi. Aliona vitanda vikiachwa wazi, akajua kwamba si kila aliyeondoka alienda nyumbani. Alishindwa hata kusali.

Damu ilipungua polepole sana. Kisha, bila aspirini hata moja, magoti nayo yakaanza kunywea.

Kisilu alirudi nyumbani amebaki mifupa. Maumivu hayakuisha yote, na asubuhi nyingine yalimtoa machozi. Siku hizo Kanyiva alimfunga kitambaa cha maji ya moto magotini. Kisilu alikunja na kunyoosha miguu taratibu, akapumzika. Yakizidi alimeza panadol, kwa kiasi alichoambiwa na daktari, bila kuongeza. Na kila alipokwenda kutafuta dawa alianza na maneno haya: "Nina ugonjwa wa utumbo. Hii inanifaa?" Alitaja kila alichomeza, hata kama kilitoka dukani. Akarudi kuchonga, vijiko kwanza.

Lakini moyo wa Kanyiva haukupona haraka kama magoti. Kila Kisilu alipotoka kwenda chooni, mkewe alihesabu kwamba amekwisha kufa.

Asubuhi moja Kisilu alitokea Soko la Burma, kwa miguu yake mwenyewe. Wauza nyama walikuwa wamejaa kwenye benchi la Kanyiva wakinywa chai. Kisilu hakupunguza sauti.

"Mama Mbithe, leo hakuna damu."

Wauza nyama wakatazamana. Kanyiva aliweka birika chini, akajifuta macho kwa leso.

"Na kesho uniambie."

"Hata kama ipo?"

"Kama ipo ndiyo uje mbio."