Doa la Mafuta ya Nywele

Haya yalimkuta rafiki yangu, mshona mapazia. Mumewe alipofariki, lilibaki doa la mafuta ya nywele kwenye ukuta wa sebuleni, pale alipozoea kuegemeza kichwa akiwa kwenye kochi akisikiliza redio.

"Paka rangi, mdogo wangu," dada yake akambembeleza. "Utalitazama mpaka lini?"

Akapaka huku analia. Kochi wakalihamishia ukuta wa pili, dada akaenda zake.

Jioni umeme ukakatika. Gizani, springi za kochi zikalia taratibu, kama mtu aliyechoka anajikalisha.

"Ni wewe?"



Umeme uliporudi, kochi lilikuwa tupu. Ukutani, juu yake, palikuwa na doa bichi la mafuta, pembeni kabisa, vile mumewe alivyokuwa akijisogeza kumpisha akae.