Jina Alilonyonya Mtoto

Kompyuta ndogo ya mkononi ilianza kunuka nywele zilizoungua baada ya Opolot kuitoa betri.

Ilikuwa mashine kuukuu, ndogo kama kiganja, ambayo mawakala wa forodha hapa Malaba walinunua mtumba ili makarani waende nayo kwenye malori. Opolot alipewa kazi ya kuchukua programu za kompyuta kubwa, kuzitafsiri kwenye hiyo hiyo kubwa ziwe kwa lugha ya mashine ndogo, kisha kuzihamisha kwa waya. Zilikuwa kubwa mno, hazikuenea kwenye ile ndogo. Alikata, akajaribu, akakata tena. Kazi hiyo aliifanyia nyumbani kwa sababu mkewe Amoit alikuwa amejifungua, na mtoto hajapewa jina.

"Imewaka," Amoit alisema mchana mmoja, akikunja nepi. "Toa betri."

"Nilitoa jana."

Opolot alikata kipande kingine cha programu. Kidole chake cha mwisho kikageuka nyuma na kuvunjika, na hakuna kitu kilichokigusa. Kisha kompyuta kubwa ikaendelea kukata peke yake, na kwa kila kilichokatwa mfupa mmoja wa Opolot ulivunjika, kidole, kifundo, mkono mzima, hadi akaanguka chini ya meza akitema damu, huku mdomo wake ukiongea kwa sauti ya chini isiyo yake, kama mtu anayesemezana na jirani kupitia ukuta: "Punguza. Bado siingii."

Amoit alichomoa waya wa umeme. Kioo hakikuzima. Akafunga mtoto mgongoni, akakimbia kwa mama mkwe, Akwii, naye akaja na mganga aitwaye Aluka.

Aluka alimkalia Opolot kifuani, akambana taya, akaliuliza jini lililomwingia jina lake. Opolot alimng'oa nyama ya kiganja kwa meno. Aluka akauliza tena.

"Ekwaro," likajibu.

Basi akaiponda ile mashine ndogo kwa mchi mpaka kioo kikawa unga. Opolot alipiga yowe, akatulia. Aluka alifunga kiganja chake kwa leso, akasema limetoka, na jina hilo lisitajwe tena humo ndani.

"Limeenda wapi?" Amoit aliuliza.

Aluka alikuwa tayari anatafuta viatu vyake.

Kuanzia hapo mtoto alikataa titi. Maji ya chumvi na sukari ya zahanati aliyatema. Akwii alisema anadai jina tu. Akachovya kidole kwenye pombe ya wimbi, akakiweka kwenye midomo ya mtoto na kuwataja wafu wa ukoo, kwani jina ambalo mtoto hunyonya kidole likitajwa ndilo lake. Aliwataja wote, wa upande wa baba na wa mama, na mtoto alibana midomo, macho yameingia ndani, utosi umebonyea, hata kulia hawezi tena.

Amoit alichovya kidole chake mwenyewe.

"Mama mtoto, hilo jina hapana," Opolot alinong'ona kitandani, mikono yote miwili kwenye plasta.

"Utamnyonyesha wewe?"

Akainama. "Ekwaro."

Mtoto akafungua mdomo. Alinyonya kwa njaa, kwa nguvu, na Amoit alikuwa ameanza kulia kwa furaha aliposikia mfupa wa kidole chake ukivunjika.

Hakukitoa. Mtoto alikuwa anameza.